Floraidi ndani ya maji ya bomba: tafuta namba kwanza, chujio baadaye

Swali: Daktari, shikamoo. Nina watoto wawili, binti wa miaka saba na mdogo wake wa miezi minne anayetumia maziwa ya kopo. Meno mapya ya mbele ya binti yangu yametoka na mistari myeupe. Kampuni ya maji inatangaza kwamba inaongeza floraidi na kiwango chake ni 0.7. Mtandaoni nasoma kuwa hiyo ni sumu inayoshusha akili za watoto. Dada yangu, ambaye ni muuguzi, ananiambia bila floraidi meno yote yataoza. Mimi huwa nachemsha maji yetu ili ipungue, mume wangu anataka tununue chujio. Nani yuko sahihi, na tufanye nini? Tena nimeambiwa floraidi hiyo ni taka za kiwanda cha mbolea.

Jibu: Marahaba, mama. Na hongera kwa kichanga.

Nianze na lile lisilohitaji mjadala, yaani kuchemsha. Kama unachemsha ili kuua vijidudu, endelea, hasa kwa maji ya kichanga. Lakini floraidi haifi kwa moto wala haipai na mvuke. Ni madini yaliyoyeyuka, kama chumvi kwenye mchuzi. Ukiinjika lita mbili na zikachemka mpaka ikabaki lita moja na nusu, ile 0.7 yako imekuwa karibu 0.93. Hakuna atakayedhurika kwa tofauti hiyo, ila umepata kinyume cha ulichokitaka, na gesi umeilipia.

Yaliyobaki ni marefu kidogo, kwa sababu wote mliobishana hapo nyumbani mna hoja. Tatizo ni kwamba dada yako anazungumzia meno ya miaka hamsini iliyopita, na waliokuandikia “sumu” mara nyingi wanazungumzia maji ya watu wengine. Ndiyo maana ninapoulizwa kuhusu floraidi sijibu ni nzuri au mbaya. Nauliza: ni miligramu ngapi, na anayekunywa ana umri gani?

Wewe namba unayo, na hapo umewapita wengi. Hiyo 0.7 ni miligramu 0.7 za floraidi kwa kila lita ya maji. Ndicho kiwango ambacho Marekani imekipendekeza tangu mwaka 2015 kwa miji inayoongeza floraidi. Kabla ya hapo walikuwa wakiruhusu kuanzia 0.7 hadi 1.2 kutegemea joto la mahali, kwa hoja kwamba penye joto watu hunywa maji zaidi. Shirika la Afya Duniani linasema maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kati ya 3 na 6, kwa mtu aliyeyanywa miaka mingi, mifupa huanza kubadilika. Yakizidi 10, ndipo hutokea ule ulemavu wa mgongo kukakamaa, magoti kupinda na viungo kushindwa kukunjuka. Sasa weka kando ya hizo dawa ya meno ya kawaida ya mtu mzima: kwa kipimo kilekile ina takriban 1,450. Ndiyo, elfu moja mia nne na hamsini. Tunaitema, ndiyo maana hatuisemi.

Kwa hiyo maneno “maji yenye floraidi” peke yake hayaelezi chochote. Maji karibu yote yana floraidi kidogo, maana yanapita kwenye miamba. Yakipita kwenye miamba ya volkano au ya matale, kama ilivyo sehemu nyingi za Bonde la Ufa la Afrika Mashariki, baadhi ya majimbo ya India na kaskazini mwa China, kisima kinaweza kutoa miligramu 5, 10 au zaidi, bila mtu yeyote kuongeza kitu. Huko kazi ya wataalamu wa maji ni kuitoa. Zile picha za watu waliopinda miguu zinazosambazwa ni za kweli. Ugonjwa huo ulikwisha kuelezwa kwa kina mwaka 1937 katika vijiji vya iliyokuwa Madras huko India, na mwaka huohuo daktari Kaj Roholm wa Denmark alichapisha habari za wafanyakazi wa kiwanda waliokuwa wakivuta vumbi la madini ya kryolaiti, ambayo yamejaa floraidi. Ni watu wa kweli na mateso ya kweli, lakini maji yao siyo yanayotoka kwenye bomba lako.

Tuje kwenye meno ya binti, maana nahisi ndiyo yaliyokufanya uandike.

Fanya hivi. Mkalishe dirishani mchana, siyo chini ya taa. Chukua kitambaa safi, mkaushe yale meno mawili ya mbele, kisha usubiri kidogo. Jino likiwa limelowa mate huficha mengi, likikauka husema. Kama unachokiona ni mistari myembamba, kama uzi au kama ukungu hafifu, inayokwenda kutoka upande hadi upande wa jino, na jino la kulia linafanana na la kushoto, na ukipitisha ukucha ni laini na linang’aa, hiyo ni floraidi iliyozidi kidogo wakati jino linatengenezwa. Tunaiita florosisi, na hiyo ni ya daraja la chini kabisa. Jino lenye hali hiyo si bovu. Kwa kuoza, linastahimili kama jino lingine lolote, pengine zaidi.

Lakini kama weupe uko kwenye shina la jino, umekumbatia ufizi kama mwezi mchanga, haung’ai, una sura ya chaki na ukucha unakwaruza, huo si floraidi kuzidi. Hapo ni jino linaloanza kuoza, na maana yake ni kwamba floraidi haitoshi mahali inapohitajika. Nimeona wazazi wakiondoa dawa ya meno yenye floraidi kwa mtoto mwenye alama hizo wakidhani ameipata kupita kiasi. Baada ya miezi michache ule weupe unakuwa shimo. Tena kama ni doa moja tu, kwenye jino moja tu, muulize kama aliwahi kuanguka na kuumiza jino la utotoni lililokuwa hapo kabla yake. Magego yenye mabaka ya rangi ya maziwa au kahawia yenye mipaka inayoonekana wazi ni habari nyingine. Hayo mpeleke kwa daktari wa meno ayaone.

Nikichukulia ni ile mistari ya kwanza, kuna jambo watu hawaambiwi vya kutosha: kilichoandikwa kwenye meno hayo kiliandikwa zamani. Jino la mbele linalochomoza mtoto akiwa na miaka saba, tabaka lake gumu la nje lilikuwa likijengwa ndani ya taya tangu alipokuwa kichanga, na kipindi chake tete zaidi ni takriban kati ya mwaka mmoja na miaka miwili na nusu. Ukibadilisha maji leo, mistari hiyo haitafutika. Na ukiyaacha vilevile, haitaongezeka kwenye meno hayo, kwa sababu ujenzi umekwisha. Akishafika miaka minane hivi, meno karibu yote yanayoonekana anapocheka yamekwisha kujengwa, na hatari ya mistari hiyo inakuwa imepita. Usimsugue kwa nguvu, wala usimpake mkaa au ndimu. Mistari hafifu huzidi kufifia kadiri miaka inavyokwenda. Kama bado itamkera akiwa kijana, ziko njia nyepesi za kuipunguza kliniki.

Hili la jino kutunza kumbukumbu ndilo lililofumbua fumbo lenyewe. Mwaka 1901 daktari kijana wa meno, Frederick McKay, alihamia Colorado Springs, Marekani, akakuta wenyeji wengi wana meno yenye madoa, mengine ya rangi ya chokoleti. Kila mtu alikuwa na maelezo yake: wengine walilaumu nyama ya nguruwe, wengine maziwa mabaya. McKay alihangaika na suala hilo miaka thelathini. Mwaka 1923 aliitwa Oakley, mji mdogo wa jimbo la Idaho, ambako wazazi walikuwa wamegundua kwamba meno ya watoto yalianza kutoka na madoa baada ya mji kuvuta bomba kutoka chemchemi moja ya maji vuguvugu. Aliyapima yale maji, hakuona kitu. Hata hivyo akawashauri waliache bomba hilo watumie chemchemi nyingine. Wakafanya hivyo. Watoto wakubwa walibaki na madoa yao. Wadogo zao, miaka michache baadaye, meno yao yakatoka meupe safi. Familia moja, maji mawili, meno ya aina mbili.

Jibu lilipatikana mwaka 1931, tena kwa mtu asiyekuwa daktari. H. V. Churchill alikuwa mkemia wa kampuni ya alumini, na mji wa kampuni hiyo ulioitwa Bauxite, jimbo la Arkansas, nao ulikuwa na madoa. Hofu yake ilikuwa ya kibiashara: watu wasije wakasema sufuria za alumini ndizo zinazoharibu meno. Alipoyapima maji kwa mitambo ambayo McKay hakuwa nayo, ilitoka floraidi karibu miligramu 14 kwa lita. Hakuamini. Alidhani sampuli imechafuliwa, akaagiza nyingine. Ikatoka vilevile.

McKay alikuwa ameshaona jambo jingine la ajabu: hayo meno mabaya kwa sura yalikuwa magumu kuoza. Baada ya Churchill, daktari wa serikali ya Marekani, Trendley Dean, alizunguka akilinganisha meno ya watoto na maji yao katika miji 21, akaona kwamba karibu na miligramu 1 kwa lita kuoza kunapungua sana huku madoa yakiwa machache na hafifu. Tarehe 25 Januari 1945 mji wa Grand Rapids, jimbo la Michigan, ukawa wa kwanza duniani kuongeza floraidi kwenye maji ya umma kwa makusudi.

Hapo ndipo elimu ya dada yako ilipotoka, na yangu pia. Tulifundishwa kwamba kwa watoto waliozaliwa Grand Rapids baada ya hapo, kuoza kulishuka kwa zaidi ya asilimia 60. Ni kweli. Kitu ambacho hatukusisitiziwa ni kwamba mji wa kulinganishia, Muskegon, ulichoka kusubiri, ukaanza nao kuongeza floraidi mwaka 1951, majaribio yakiwa hayajaisha. Tena hiyo ilikuwa dunia ambayo dawa ya meno yenye floraidi haikuwepo madukani.

Leo ipo karibu kila mahali. Mwaka 2024 kundi la Cochrane, ambao kazi yao ni kukusanya tafiti zote na kuzichambua kwa ukali, walitoa hesabu mpya. Tafiti za kabla ya 1975 zilionyesha kwamba kuongeza floraidi kwenye maji kuliwaokolea watoto wastani wa meno mawili ya utotoni yasioze. Tafiti za baada ya hapo: karibu robo jino. Usicheke hiyo robo. Maana yake ni jino moja kwa kila watoto wanne, na aliyekesha na mtoto mwenye jipu la jino anajua jino moja ni nini. Lakini si yale mawili ya zamani, na daktari wa meno anayeendelea kunukuu asilimia 60 kana kwamba ni habari ya leo anawapa wapinzani fimbo ya kumchapia.

Kwa nini faida imepungua? Kwa sababu tulikosea kuhusu njia inavyofanya kazi. Zamani tuliamini floraidi lazima imezwe, iingie damuni, ijengwe ndani ya jino. Sasa tunajua kazi yake kubwa iko juu ya jino, mdomoni. Kila unapokula kitu cha sukari, vijidudu vya kwenye utando wa jino huitafuna sukari hiyo na kutoa asidi, na asidi ikishapita kiasi fulani madini ya jino huanza kumomonyoka. Mate yakija, yanarudisha madini. Jino liko kwenye biashara hiyo ya kutoa na kurudishiwa mchana kutwa. Floraidi kidogo ikiwepo kwenye mate, urudishaji unakwenda haraka, na madini yanayorudi ni magumu kuliko ya awali: yale ya kawaida huanza kuyeyuka uchachu ukifika pH 5.5 (namba hii ikishuka, uchachu umezidi), haya mapya huvumilia mpaka karibu 4.5. Maji ya bomba husaidia kwa kupitapita mdomoni mara nyingi kwa siku. Mswaki wenye dawa husaidia kwa kishindo, mara mbili kwa siku. Aliye na mswaki na dawa na akavitumia, maji humwongezea kidogo. Asiyevitumia, maji ndiyo yote aliyo nayo.

Utaona basi kwa nini miji inapata majibu tofauti inapoacha. Kuopio, huko Ufini, waliacha mwaka 1992 na kuoza kwa meno hakukupanda. Basel, Uswisi, waliacha mwaka 2003, lakini Uswisi ina chumvi ya kula yenye floraidi tangu miaka ya 1950. Calgary, Kanada, waliacha mwaka 2011 huku jirani yao Edmonton wakiendelea. Miaka saba baadaye, watoto wa darasa la pili wenye meno ya utotoni yaliyooza walikuwa asilimia 64.8 Calgary na asilimia 55.1 Edmonton. Calgary wakarudisha floraidi katikati ya 2025. Mwenye kutaka kukushawishi atakutajia mji mmoja tu kati ya hiyo.

Sasa akili. Hapa nitakwenda polepole, maana ndipo wanaoshangilia na wanaodharau wote wanapokimbia.

Jambo hili si uzushi wa mtandaoni. Mwezi wa Agosti 2024, mpango wa serikali ya Marekani wa kuchunguza sumu, NTP, ulitoa ripoti ikisema kwa uhakika wa wastani kwamba watoto wanaopata floraidi nyingi, mfano kwenye maji yanayozidi miligramu 1.5 kwa lita, wana alama za chini za IQ, yaani kipimo cha akili. Ripoti hiyohiyo ikasema ushahidi haukutosha kuamua kama 0.7 ina athari hiyo. Mwanzoni mwa 2025 jarida la madaktari wa watoto la Marekani likachapisha uchambuzi wa tafiti 74. Nyingi zilionyesha mwelekeo huohuo wa floraidi kupanda na IQ kushuka, lakini waandishi wenyewe walizipa tafiti 52 kati ya hizo alama ya uwezekano mkubwa wa kupotosha. Nyingi zilifanyika China, kwenye vijiji vyenye maji ya miligramu nyingi, ambako ni vigumu kutenganisha floraidi na umaskini, sumu ya aseniki au moshi wa makaa ya mawe.

Zilizobaki ndizo zinazoninyima jibu la mkato. Utafiti mmoja wa Kanada wa mwaka 2019 uliwafuatilia wajawazito ambao baadhi yao walikuwa kwenye miji yenye maji kama yako. Kadiri floraidi ilivyokuwa nyingi kwenye mkojo wa mama, alama za IQ za watoto wa kiume zilikuwa chini. Za wa kike hazikuwa hivyo, na hakuna aliyeeleza kwa nini kwa namna inayotosheleza. Upande wa pili, Dunedin huko Nyuzilandi waliwafuatilia watu waliozaliwa 1972 na 1973, wakawapima IQ utotoni na tena wakiwa na miaka 38. Waliokulia kwenye maji ya floraidi na waliokulia kwenye maji yasiyoongezwa hawakutofautiana. Tafiti hizi mbili hazijapima kitu kilekile: ya kwanza inaangalia mimba, ya pili utoto.

Septemba 2024 jaji wa mahakama ya shirikisho huko California aliamua kwamba 0.7 inaleta hatari isiyokubalika kisheria, akaitaka mamlaka ya mazingira ichukue hatua. Waliosambaza hukumu hiyo waliacha sentensi moja: jaji alisema wazi kwamba hajahitimisha kwa uhakika kuwa maji hayo yanadhuru. Hoja yake ilikuwa kwamba pengo kati ya 0.7 na kiwango chenye madhara ni dogo mno. Mwaka 2025 Utah na Florida zikapiga marufuku kuongeza floraidi. Hiyo ni siasa pamoja na sayansi, nami sitaitenganisha hapa.

Maoni yangu? Juu ya 1.5, nachukulia hatari ya ubongo kuwa ya kweli, na sihitaji kusubiri utafiti mwingine kumwambia mjamzito au mwenye mtoto mchanga atafute maji mengine. Kwa 0.7, sioni ushahidi wa kumfanya mama akose usingizi. Lakini ile hoja ya jaji kuhusu pengo dogo siidharau. Tunapoweka mipaka ya sumu kwenye maji kwa kawaida tunaacha nafasi kubwa ya usalama. Kati ya 0.7 na 1.5 nafasi hiyo haifiki hata mara mbili na nusu, na watu hawanywi maji kwa kiasi kimoja.

Hapo ndipo kichanga wako anapoingia. Tupige hesabu. Mtoto wa miezi minne mwenye kilo sita na nusu hunywa kama lita 0.9 za maziwa kwa siku. Ukiyachanganya kwa maji ya 0.7 anapata takriban miligramu 0.63, yaani karibu miligramu 0.1 kwa kila kilo ya mwili. Wewe mwenye kilo 65 ukinywa lita mbili za maji hayohayo unapata 0.02 kwa kilo. Yaani kwa uzito wake anapata karibu mara tano yako, halafu bado hana jino la kulindwa. Maziwa ya mama, kwa kulinganisha, yana floraidi kidogo mno hata kama mama mwenyewe anakunywa maji yenye nyingi. Hata CDC, taasisi ya afya ya umma ya Marekani ambayo kwa miaka mingi ilitetea floraidi kwenye maji kwa moyo wote, imekuwa ikiwaambia wazazi wanaotumia maziwa ya kopo kwamba wanaweza kutumia maji yenye floraidi kidogo baadhi ya nyakati ili kupunguza uwezekano wa mistari myeupe. Kama ungekuwa binti yangu ningekwambia ufanye hivyo mpaka atimize mwaka, kama uwezo upo. Kama haupo, mchanganyie maji yako yaliyochemshwa na ulale. Maji machafu ni hatari kubwa kwake kuliko 0.7.

Ukinunua maji ya chupa kwa kazi hiyo, soma lebo. Mengine yana floraidi kuliko bomba lako. Angalia yasizidi 0.3 hivi.

Mume wako na chujio. Mwambie asinunue la mkaa wa kawaida, lile la jagi au la kufunga bombani, kwa ajili ya floraidi. Hilo huondoa harufu ya klorini na ladha, floraidi inapita karibu yote. Yanayofaa ni ya osmosisi kinyume, ambayo husukuma maji kwa shinikizo kwenye utando mwembamba, au ya kukeneka, au yenye alumina maalumu, au ya mkaa wa mifupa iliyochomwa. Haya mawili ya mwisho huchoka: yanafyonza floraidi mpaka yanajaa, kisha yanaacha bila kukupa ishara yoyote, maji yakiwa na ladha ileile. Bila kupima tena unakunywa kwa imani. Vijiji vya India vina njia ya Nalgonda, ya kukoroga maji na shabu na chokaa kisha kuacha yatulie. Inafanya kazi pale penye haja, lakini inataka mkono uliozoea. Kwa 0.7 yote haya ni gharama bila sababu. Kwa kisima cha 4, ningeuza kitu nikanunue chujio.

Umeandika pia, chini kabisa ya barua, kwamba uliambiwa floraidi hiyo ni taka za kiwanda cha mbolea. Sehemu kubwa ndiyo, hasa Marekani: inatokana na moshi unaonaswa pale mawe ya fosfeti yanapotengenezwa mbolea. Asili yake si hoja yangu. Ikiingia kwenye maji inagawanyika, na floraidi ile haina tofauti na iliyotoka mwambani. Hoja yangu ni mtambo unaoiongeza. Mwaka 1992 huko Hooper Bay, kijiji cha Alaska, pampu ilikorofisha ikamimina mpaka maji yakafika miligramu 150 kwa lita. Mamia waliugua matumbo na mtu mmoja akafa. Matukio kama hayo ni adimu sana, lakini ndiyo yanayonifanya niulize kampuni ya maji inapima mara ngapi, badala ya kuuliza inanunua wapi.

Kama kuna mtu nyumbani mwenye figo zilizochoka, nijulishe. Figo ndizo zinazotoa karibu nusu ya floraidi tunayoimeza, iliyobaki kwa sehemu kubwa huenda mifupani. Zikishindwa, hesabu yake si yenu.

Sasa jambo ambalo hukuliuliza, na nadhani ndilo lililochora mistari ya binti. Alipokuwa na miaka miwili, nani alikuwa anamwekea dawa ya meno? Ile inayofunika brashi nzima, kama kwenye matangazo, ni karibu gramu moja. Kama ni dawa ya watu wazima, ina miligramu 1.45 za floraidi, na mtoto wa miaka miwili hajui kutema. Anameza, hasa ikiwa na ladha ya pipi. Hiyo ni sawa na lita mbili za maji yako, kwa mkupuo mmoja. Mara mbili kwa siku, lita nne. Hakuna mtoto wa miaka miwili anayekunywa lita nne za maji.

Kwa hiyo kichanga akitoa jino la kwanza, mpake dawa yenye floraidi ya kiasi cha punje ya mchele, siyo zaidi, wewe ndiye ushike bomba la dawa. Akifika miaka mitatu, kiasi cha njegere. Binti wa miaka saba yeye sasa anaweza kutema. Atumie yenye floraidi asubuhi na kabla ya kulala, ateme, asisukutue kwa maji mengi, ili kile kidogo kinachobaki kiendelee na kazi usiku. Na dawa ikae juu wasikofika. Watoto wamewahi kula bomba zima.

Kwenye ripoti ya vipimo ya kampuni ya maji, usiishie kwenye wastani. Tafuta safu ya kiwango cha juu kabisa kilichopimwa mwaka huo na idadi ya vipimo. Kama cha juu kimekaa chini ya 1, mwambie mume wako hela ya chujio aifanyie kitu kingine. Kikiwa kimewahi kuvuka 1.5, hata mara moja, nitumie ukurasa huo niuone.